Sega Lenye Mapengo

9 Januari

Kwa dada yangu, mwalimu wa watoto wa watu,

Shikamoo dada. Na shikamoo nyingine ya kulipia ile niliyosahau mwezi uliopita. Magoti yanaendeleaje? Wanafunzi wako wa sayansi wameacha kuandika upuuzi au bado wanakuzeesha? Mimi nadunda. Nyumba ya wazazi iko salama, ukuta wa jikoni nimeupiga plasta mwenyewe, umepinda kidogo lakini ukiinamisha kichwa hauonekani.

Naandika kwa sababu simu ya shule inapokelewa na yule karani anayepumua kwenye waya, na wewe mwenyewe ulisema mambo ya ndani hayaongelewi hewani. Basi barua nimempa dereva wa basi. Akiisoma, shauri yake.

Nina habari mbili, chungu na tamu. Naanza na chungu.

Kuna mtu ananiulia nyuki. Unaukumbuka ule mzinga niliobadilishana na redio mbovu? Malkia wake alikuwa mama kweli kweli. Nikaugawa ukawa miwili, nikagawa tena, sasa nina mizinga kumi na miwili nyuma ya machimbo ya kokoto, yote uzao wa mama mmoja. Sasa sega la watoto lilitakiwa lijae kama mahindi kwenye gunzi, si ndiyo? La kwangu lina mapengo kama mdomo wa bondia mstaafu. Watoto wanatoweka, wakubwa wazima. Asali imepungua hadi naionea haya chupa.

Mtu wa kumshuku ni mmoja tu, Kipara, muuza asali mwenzangu. Mizinga yake ilikuwa pembeni ya yangu. Madume yake yalikuwa yanazurura kwangu kama wapangaji wasiolipa, nikamwambia hamisha. Akahamia mbali, ng'ambo ya mto, amevimba. Toka ahame ndiyo mapengo yakaanza. Niambie wewe uliyesoma: sumu gani inaua watoto inaacha wakubwa?

Sasa tamu. Ninaoa!

Usianguke. Ni fundi cherehani, anakaa na mashine yake barazani kwenye kinu cha mama yake pale njia panda, wanaposaga unga. Nilikwenda kushonewa koti, maana muuza asali bila koti wateja wanaonja tu wanaondoka. Dada, yule binti anacheka kabla sijamaliza utani. Anajua ninakoelekea! Nimemwomba kola ndefu inifichie lile baka la nywele nyeupe la shingoni nililorithi kwa Baba (wewe ulinyimwa, pole), watu wasidhani nimemwagikiwa chokaa.

Mama yake ndiye sijamwelewa. Nilipojitambulisha kuwa ni mtoto wa marehemu Fundi Spana, alizima mashine mahindi ya mtu yakiwa bado kooni. Akazunguka nyuma yangu akanitazama shingo. Kisha akauliza, "Una mkubwa wako?" Nikasema ninaye dada, mwalimu. "Mlete. Bila yeye hapa haposi mtu." Nadhani Baba aliwahi kumharibia kinu.

Basi wewe ndiye baba, wewe ndiye mama. Njoo tupeleke posa. Wifi yako anakusalimu sana.

Mimi mdogo wako,
Kijiko

3 Februari

Kwa mdogo wangu,

Marahaba. Magoti yanauma. Wanafunzi ni walewale. Asante kwa ukuta.

Usimtuhumu mtu sumu kabla hujajua. Nieleze vizuri: malkia wa mizinga yote wanatoka wapi? Kuna mizinga ya mtu mwingine karibu?

Habari ya posa, subiri. Huyo binti ana umri gani? Baba yake ni nani? Mama yake alisema neno lolote zaidi? Niandikie hayo kwanza.

Usimpeleke mtu yeyote kule.

Dada yako

20 Februari

Kwa dada yangu, inspekta wa polisi,

Shikamoo afande. Niko mzima. Paka wa jirani amezaa kwenye gunia langu la mkaa, watoto watano na kila mmoja rangi yake, baba yao ni mtaa mzima.

Dada, nilikuandikia ninaoa ukanijibu kama nimeibiwa baiskeli. Umri, baba, alisema nini, shahidi yuko wapi. Haya, naandika maelezo yangu bila kushurutishwa. Nimempita mwaka mmoja na kidogo. Baba yake alikuwa dereva wa malori, alifariki binti akiwa tumboni. Picha yake haipo hata moja. Nilimtania, "Basi huenda hata lori halikuwepo." Yeye alicheka, mama yake hakucheka. Akanipa ufagio, akaniambia nifagie unga. Mimi! Mkwe mtarajiwa!

Na mama huyo ananichunguza. Nikikaa karibu na cherehani, anamtuma binti maji. Binti akirudi, ananituma mimi mkaa. Kila siku lile swali moja: "Dada yako amejibu?" Nikisema bado, anaonekana kama amepata nafuu. Nikisema amejibu, anashika kiti. Kuna kitu kati yenu? Mlisoma darasa moja? Ulimnyang'anya mchumba?

Halafu nimegundua jambo. Mimi nimeandika "wifi yako anakusalimu". Wewe umeandika "huyo binti". Neno wifi ni jepesi tu dada, herufi nne. Limekukwama wapi?

Kuhusu nyuki: malkia wote ni mabinti wa malkia mmoja, nimewazalisha mwenyewe. Hakuna mgeni, damu ya mtaani sitaki kwangu. Mizinga mingine karibu hakuna hata mmoja toka nilipomfukuza Kipara. Nilikaa kichakani nimkamate na sumu yake. Nilichokamata ni siafu, na sehemu waliyonishika siwezi kuitaja kwenye barua ya mwalimu.

Koti linaendelea. Alivyonipima alisema bega langu la kulia limeshuka kidogo. Akanionyesha na lake, limeshuka vilevile. Tumecheka.

Kijiko

28 Machi

Kwa dada,

Shikamoo. Hali yangu nzuri. Ya kwako sijui, kwa kuwa toka Februari hujaandika hata nukta. Dereva wa basi akiniona anatikisa kichwa kutoka mbali, siku hizi hata breki hashiki.

Nikupe habari, labda hii itakufurahisha. Fundi wangu hafungui kitambaa kichwani hata kwenye joto la kinu. Mama yake alimzoesha toka mdogo, ati kuna watu wana macho mabaya. Juzi upepo wa feni ukakivua. Dada! Nyuma ya shingo, palepale, baka jeupe kama langu! Kama la Baba! Mimi nikaruka nikasema, "Mungu ametupaka rangi moja ili tusipoteane sokoni!" Watu wote kinuni wakacheka wakapiga makofi. Mama yake akatoka nje, akasimama kwenye jua bila sababu.

Mimi naona ni ishara njema. Wewe unaonaje? Au huoni, maana hujibu.

Sasa nitasema, usinipige. Nimekaa nikajiuliza, kwa nini dada yangu hataki nioe? Mara nasema anamdharau fundi cherehani, yeye ana chaki mkononi. Mara nasema ni nyumba. Nyumba ya wazazi ni yetu wawili, nikileta mke atapaka rangi, atazaa, utakuja likizo ukute chumba chako kina nepi. Ndiyo hiyo? Kama ndiyo, sema. Mimi wa kudanganywa na wateja nimezoea, wa kudanganywa na ndugu sijazoea.

Nakungoja mpaka mwisho wa mwezi wa nne. Usipokuja namvalisha rafiki yangu fundi baiskeli kanzu ya kuazima, tunamwita mjomba, anakwenda kuposa. Ameshaanza kufanya mazoezi ya kukohoa kizee.

Mdogo wako, kama bado

11 Aprili

Kwa mdogo wangu,

Bado u mdogo wangu. Na utakuwa hivyo hata ukinitukana.

Nyumba sitaki. Ichukue yote na ukuta wake uliopinda. Fundi cherehani simdharau hata kidogo. Fundi baiskeli mwambie aache kukohoa. Posa isiende.

Sikuandika kwa sababu niliandika nikachana, mara nyingi. Sasa nitakujibu kuhusu nyuki. Kaa chini, zima redio, usirukeruke mistari kama kawaida yako.

Kila kiumbe kimejengwa na vitu vidogo visivyoonekana kwa macho, vinaitwa seli. Ndani ya seli mna nyuzi zilizobeba maagizo ya mwili: nywele ziwe hivi, bega likae vile. Nyuzi hizo tunaziita kromosomu. Sisi watu tunazo jozi jozi, kama viatu, jozi ishirini na tatu. Katika kila jozi, mmoja umetoka kwa mama na mmoja umetoka kwa baba. Kwa hiyo, upande mmoja ukiwa na kasoro, mara nyingi ule wa pili unaisitiri. Ukichukua pande zote mbili kwenye ukoo mmoja, kasoro inaweza kukutana na mwenzake, na wa kuisitiri hayupo.

Nyuki jike ana jozi kama sisi. Dume hana. Dume hutoka kwenye yai ambalo halikupata mbegu ya kiume, amebeba nusu, ya mama peke yake. Dume la nyuki halina baba, ila lina babu. Hapo najua umecheka. Endelea kusoma.

Kuna sehemu moja kwenye zile jozi inayoamua kama yai litatoa jike au dume. Nyuzi mbili zikitofautiana hapo, anatoka jike. Zikifanana, anatoka dume lenye jozi, ambalo halitakiwi mzingani. Nyuki wafanyakazi wanalijua kwa harufu, wanaliondoa lingali bado mtoto. Tundu linabaki tupu. Hayo ndiyo mapengo yako.

Na zinafananaje? Kwa kuwa zimetoka kwa mzazi mmoja. Malkia wako wote ni ndugu, madume ya pale ni ndugu zao, na wageni uliwafukuza pamoja na Kipara. Hakuna aliyetia sumu.

Malkia hana kosa. Dume halina kosa. Mizinga imewekwa mbalimbali, kila mmoja na rangi yake, nani angewaambia? Anayejua ni yule aliyekuwepo mzinga ulipogawanywa. Na pengine aliapishwa. Mimi nilimwahidi Mama, siku zake za mwisho, kwamba kuna neno moja halitatoka mdomoni mwangu wala kwenye kalamu yangu. Halijatoka. Nimeandika habari za nyuki.

Isome mara mbili.

Dada yako

24 Aprili

Kwa dada yangu, profesa wa nyuki,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo! Nisamehe yale ya nyumba, yalikuwa ni njaa. Barua yako nimeifurahia mno. Halina baba ila lina babu! Nimemwambia kila mteja, mmoja amenunua chupa mbili ili nirudie.

Nimekwenda kwa Kipara kuomba radhi. Aliniona akashika panga, nikamrushia neno kromosomu, akashusha panga akauliza ni dawa ya nini. Tumekubaliana: nusu ya mizinga yake irudi pembeni ya yangu, na atanipa malkia wake wawili. Madume yake yazurure yatakavyo, mimi nitayawekea hata viti.

Mwishoni pale sikukuelewa, ulipochanganya Mama na mizinga. Ni magoti au ni umri? Kesho naipeleka barua kinuni nikaisome kwa sauti, mama mkwe ajue natoka kwenye ukoo wenye akili, halafu nitakuuliza vizuri habari ya

3 Mei

Dada,

Ile ya juu sikuituma. Naendelea hapohapo.

Nilikwenda kinuni. Watu walikuwa wengi, foleni ya ndoo hadi barabarani. Nikapanda juu ya gunia, nikasoma kwa sauti ya redio. Viatu, jozi, dume lisilo na baba, watu wanacheka, fundi wangu barazani amekanyaga cherehani huku machozi ya kicheko yanamtoka. Nikafika pale pa mizinga kuwekwa mbalimbali kila mmoja na rangi yake.

Mama yake akazima mashine.

Mwenye ndoo akasema, "Mama, unga wangu!" Akakaa chini sakafuni, kwenye unga, na gauni lake jeusi. Akaniambia, "Soma tena hapo. Aliyekuwepo."

Nikasoma tena. Mara ya pili, dada, kama ulivyoagiza. Sasa sikuwa nacheka, na cherehani ilikuwa imenyamaza.

Mama akasema, hakuniangalia mimi, alikuwa anamwangalia binti yake: "Hakukuwa na lori."

Watu wale wakatoka mmoja mmoja wakaacha ndoo zao. Hata mwenye unga. Tukabaki watatu. Akasema Baba alikuwa anakuja kutengeneza kinu, kikipona kinaharibika tena, hadi akaona aibu kukiita kibovu. Akasema wewe uliwahi kuja, kasichana kadogo juu ya baiskeli, Baba ana kazi ya mkanda wa mashine, ukampakata mtoto mchanga ukamuuliza mama wa watu, "Mbona huyu ana chokaa kama ya mdogo wangu?" Akasema ndiyo siku aliyomfunga mtoto kitambaa cha kwanza.

Nikamuuliza, "Kwa nini hukuniambia siku ya kwanza, mama? Nimefagia unga wako miezi mitatu!"

Akasema, "Ningekuambia wewe, huyu angejua mimi ni mwongo toka azaliwe. Nikasema dada yako akija, atasema yeye. Nilitaka mdomo wa mtu mwingine."

Hapo nikakumbuka yote. Shingo, ufagio, mkaa, "amejibu?" Nikakumbuka bega. Dada, mimi nilimshuku Kipara, nikakushuku wewe, nikamshuku mama wa watu, nikamshuku hadi dereva wa basi kwamba anaficha barua zako. Nilipokuwa nafurahi tu ndipo sikushuku kitu.

Fundi alichukua koti langu akaingia ndani, akafunga mlango. Mimi nikarudi nyumbani. Nimekaa siku nyingi sijauza. Kipara alileta malkia wake akanikuta kitandani na viatu, akadhani ni malaria, akawapanga mizingani mwenyewe. Mtu niliyemwita muuaji, dada, akanipikia uji. Sikumwambia kitu. Nilimpenda yule binti. Naandika hivyo mara moja tu, na wewe usinijibu hapo.

Jana nikaenda. Nilisema nitachukua koti langu niondoke kama mteja. Nikamkuta barazani, kichwa wazi, kitambaa hakipo. Watu wanapita wanatazama, yeye anatia uzi kwenye sindano. Akasema, "Vaa." Nikavaa. Shingoni pakawa na baridi. Kola ndefu haipo, amekata, ameshona nyingine fupi, baka langu lote nje kama ubao wa tangazo.

Nikasema, "Fundi, umekosea, mimi nilisema ndefu."

Akasema, "Sijakosea. Nimevaa kitambaa miaka yote ya maisha yangu. Na wewe usijifiche." Halafu akajaribu kunitania, akakata uzi kwa meno, akamaliza: "Kwanza ukiuza asali mtaa wa juu na mimi nikishona mtaa wa chini, watu wajue wanadaiwa na ukoo gani."

Tukacheka kidogo, dada. Si kile kicheko cha zamani. Lakini bado alianza kabla sijafika mwisho.

Mapengo yanaanza kuziba kwenye mzinga mmoja. Nimefungua nikaona.

Sasa nina shida ya mwalimu wa lugha, si wa sayansi. Nilizoea kukuandikia "wifi yako anakusalimu". Jana aliniambia nikusalimie, na mimi nimekaa na kalamu sijui niandike nani anakusalimu. Neno lenyewe unalo wewe, na uliapa. Sikulazimishi. Nakuambia tu kwamba anakusalimu.

Kijiko

19 Mei

Kwa wadogo zangu,

Hamjambo? Magoti yanauma, wanafunzi ni walewale. Likizo inaanza mwisho wa mwezi, nitapanda basi la asubuhi. Mkubwa anipokee stendi. Mdogo anishonee gauni, kipimo nitamletea mwenyewe, na mama yake nitamwamkia kabla sijaingia nyumbani.

Dada yenu